Maji ya Mwalimu Yanauma Pua

Mkiniona kwenye harusi nahangaika na kiti, nageuka huku na huku wakati wahudumu wanapita na makreti ya soda, msidhani naumwa, ni aibu tu, aibu ya zamani ambayo haijanitoka mpaka leo, na kwa kuwa mmenibana nisimulie basi nitasimulia, ila mcheke taratibu kwa sababu mama watoto yuko hapo jikoni na yeye akianza kuicheka hii habari hatutakula.

Ilikuwa miaka ya tisini, miaka ile dhahabu ilipowatia watu wazimu huku kwetu. Mimi nilikuwa mwalimu kijana (kijana kweli, shati nachomekea hata siku ya kufua), kwetu ni Tinde, nikapangiwa shule ya msingi kwenye kijiji kimoja mbele ya Ushirombo, njia ya kwenda machimboni. Nilikuwa mtu nisiyetulia. Kila nikiona jambo limekaa vibaya lazima nilishike, hata kama halinihusu, na pale kijijini jambo lililokaa vibaya kuliko yote lilikuwa soda. Watoto wakitoka shule wanakimbilia machimboni kuuza karanga na kuponda mawe, wanapewa vijisenti, kesho yake asubuhi unawakuta wamejipanga mbele ya duka, mtoto hajala kitu tangu jana, anakata kiu kwa soda, akifika darasani anachangamka kidogo halafu saa nne kichwa kiko juu ya dawati. Na meno, msiniambie kuhusu meno. Darasa la tatu nikisema wacheke naona vibuyu vitupu.

Ukimwambia mtoto anywe maji anakuona umemtukana. Maji pale yalikuwa kinywaji cha mtu aliyeishiwa. Mchimbaji akipata dhahabu ananunulia mtaa mzima soda, na wengine walikuwa wananawia mikono (nimeona kwa macho yangu mtu ananawa kwa soda ya machungwa, nzi wakamfuata mpaka jioni). Sasa mtoto anayeona hayo kila siku utamwambia nini kuhusu maji?

Basi nikanunua mtungi, nikawa nachemsha maji nyumbani, nayapoza, nauweka mtungi kwenye baraza ya ofisi ya walimu. Kila asubuhi mstarini najaza glasi, nainyanyua juu watoto wote waione, nauliza, "Hiki ni nini?" wanajibu, "Maji," nakunywa nusu, halafu nampa mtoto mdogo kuliko wote amalizie, ndipo wengine wanakuja mtungini. (Siku hizi mtu wa afya angenifukuza kazi kwa ile glasi moja, najua, tuendelee.) Huyo mtoto mdogo aliitwa Kabula, wa darasa la kwanza, mwembamba, macho makubwa, anapokea glasi kwa mikono miwili na magoti kayakunja kama anapokea kitu kanisani.

Lakini watoto walikuwa wanakunywa kwa kunionea huruma, wakitoka hapo ni dukani. Nami nikachemka. Asubuhi moja, bila kumwuliza mwalimu mkuu wala mtu yeyote, nikasimama mstarini nikasema kwa sauti ya mkutano wa hadhara, "Siku mkiniona mimi nakunywa soda, nawaambia mbele ya walimu wote, msiniamkie tena." Mwalimu mkuu akakohoa. Mnajua kwetu mtoto kumpita mwalimu wake bila shikamoo ni kitu gani, ni kama umemvua nguo. Nilijisikia mkubwa sana siku ile.

Sasa huyo Kabula alikuwa na dada yake, Milembe, fundi cherehani pale sokoni, na hapo ndipo mambo yanapoanza kuingiliana. Milembe nilimpenda mpaka nikawa nachana mifuko ya suruali zangu makusudi nipate sababu ya kwenda kushonewa. Tulishakubaliana. Kilichobaki ni baba yake, Mzee Mayunga, mfugaji, mtu wa maneno machache, na haraka ilikuwepo kwa sababu kuna dalali wa dhahabu mwenye pikipiki alishapeleka salamu kwa mzee, na kila nikisikia pikipiki inapita karibu na shule chaki ilikuwa inanikatikia mkononi.

Nikamchukua Mwalimu Bundala, mtu mzima tuliyekuwa tunafundisha naye, awe mshenga wangu. Siku moja kabla ya kwenda, Milembe akaniambia, "Kwetu ukipewa kitu, kunywa. Baba akiona mgeni anarudisha, anajua huyo mtu anatuogopa, au anatudharau. Umesikia?" Nikasema nimesikia. Kweli nilisikia. Sikufikiri tu.

Tulifika mchana, jua kali, vumbi mpaka kwenye nyusi. Bundala akatanguliza salamu za Kisukuma, "Mwadila," tukakaribishwa ndani, viti vimepangwa ukutani, Mzee Mayunga upande huu na mdogo wake upande ule. Na mlangoni, jamani, mlangoni wamejaa watoto, Kabula mbele, nyuma yake nusu ya darasa langu, maana habari kwamba mwalimu amekuja kuposa ilishasambaa. Wananitazama bila kupepesa. Goti langu likaanza kuruka lenyewe, Bundala akaliwekea mkono, akaliacha, likaanza tena.

Hatujakaa sawasawa, likaingia kreti la soda. Mzee mwenyewe kalishika. "Tangu alfajiri nimetuma baiskeli Ushirombo," akasema, "ng'walimu asije kwangu akanywa maji kama ng'ombe." Akashika kifungulio. Mnajua heshima ilivyo, mgeni anaulizwa anatumia soda gani na inafunguliwa mbele ya macho yake aone hakuna mkono mwingine uliopita.

Nikaona nimekwisha. Nikikataa, nimemtukana mzee, na pikipiki ya yule dalali nikawa naisikia masikioni. Nikinywa, watoto hawa hapa, na kiapo changu nilikiapa mwenyewe hata hakuna aliyenilazimisha. Jasho likanishuka mpaka kwenye soksi. Wakati huohuo mzee akageuka akawafokea watoto watoke mlangoni, wakakimbia nyuma ya nyumba, na katika nafasi hiyo ndogo akili yangu (akili yangu hii hii iliyonifikisha chuo cha ualimu) ikanipa ushauri. Nikasema, "Baba, mimi natumia ile nyeupe, ya ndimu. Na kama kuna glasi, nitashukuru."

Ile nyeupe isiyo na rangi hata kidogo. Mmeelewa sasa. Wazee wataona nakunywa soda, watoto watakaporudi wataona maji. Sijawahi kujiona mjanja kama dakika ile.

Mzee akafungua, nikamimina harakaharaka, povu likapanda likanimwagikia mapajani, nikalizimisha kwa kidole, chupa nikaisukuma kwa kisigino mpaka chini ya kiti cha Bundala. Bundala akainama, akaona ana chupa mbili, akanitazama. Nikatazama dari. Nikakunywa nusu, na sitawadanganya, ilikuwa tamu, ya moto kutokana na safari ya baiskeli lakini tamu.

Watoto wakarudi mlangoni mmoja mmoja. Nikamsikia mmoja akimnong'oneza mwenzake, "Mwalimu anakunywa maji. Wenzake soda, yeye maji." Jamani, hapo ndipo ningenyamaza. Yote yangeisha hapo, ningeoa kwa amani. Lakini mimi mtu wa kutulia? Kifua kikanijaa, mkono ukanyanyuka wenyewe kama nipo mstarini, nikainua glasi kuelekea mlangoni nikasema, "Mnaona, watoto? Hiki ni nini?"

"Maji," wakajibu wote.

Mzee Mayunga alikuwa anaanza kuongea habari za ng'ombe. Akaacha. Akaitazama soda aliyoshika yeye, akaitazama glasi yangu. Mdogo wake akauliza polepole, "Wanasema maji?" Na mimi nikawa natabasamu, maana tabasamu lilishaganda nikakosa pa kuliweka.

Halafu akaingia Kabula. Na wala sikumwita. Nilikuwa nimemzoesha mwenyewe, kila asubuhi nikishakunywa nusu na watoto wakishasema maji, ni zamu yake kumalizia. Akapita katikati ya wazee, akakunja magoti mbele yangu, akanyoosha mikono miwili. Sasa nimnyime maji mtoto niliyemfundisha kuomba maji? Mbele ya baba yake? Nikampa. 

Kabula akanywa funda moja. Akasimama kidogo. Akanywa yote mpaka mwisho bila kupumua, akashusha glasi, macho yakamtoka machozi, akapiga mbweu moja ndefu ambayo haikufanana na mwili wake.

"Mwalimu," akasema, "maji yako yanauma pua."

Akalamba midomo.

"Na yana sukari."

Mlangoni mmoja, sijui nani mpaka leo, akasema, "Ni soda," na kundi zima likageuka likaanza kukimbia kuelekea kijijini. Nikaona kiapo changu nacho kinakwenda mbio. Nikanyanyuka niwazuie (kuwazuia kwa lipi, sijui), mguu ukapiga kreti, chupa zikabingirika sakafuni, nikaziruka, nikatoka mlangoni kwa kasi nikamgonga mtu aliyekuwa anakuja na sinia la ugali na kuku, kifua kwa kifua. Nikashuka naye mpaka chini. Nilipofumbua macho nikaona ni Mama Milembe.

Nyie wa mjini mnacheka sababu ya kuku. Kwetu mkwe humkuti hata njiani, ukimwona kwa mbali unaingia porini mpaka apite, huli mbele yake, humshiki mkono. Mimi nimemlalia, mchuzi umetuunganisha. Mama wa watu akafunika uso kwa khanga, akaondoka anapiga magoti hadi jikoni. Na kule jikoni nikamwona Milembe kaegemea ukuta, mabega yanamtikisika, nisijue analia au anacheka, na hilo liliniuma kuliko yote.

Nikarudi ndani na mchuzi wangu. Mzee Mayunga alikuwa hajasogea. "Baiskeli imetoka hapa alfajiri," akasema, "imerudi saa sita. Wewe unaiita minzi." Yaani maji. Bundala akajaribu kusema kijana alitaka tu kuwafundisha watoto, mzee akainua kiganja, Bundala akakaa. Mzee akamgeukia Kabula. "Mwamkie ng'walimu, anaondoka."

Kabula akanitazama kwa yale macho makubwa. Alikuwa anataka kulia. "Mwenyewe alisema tukimwona anakunywa soda tusimwamkie tena."

"Ulisema?"

"Nilisema, baba."

Mzee akanigeuzageuza kwa macho kama ndama wa kununua. Akasema, "Soda yangu nitasahau. Mke wangu atanawa. Lakini binti yangu nitamwambiaje akae na mtu ambaye neno lake limeshindwa na watoto? Nenda. Siku watoto hawa watakapokuamkia wenyewe, bila fimbo, uje nikupe jibu." Na wakati huo huko barabarani, naapa, pikipiki ikapita.

Jumatatu nikaingia darasani, watoto wakasimama wote, adabu zao zote, na kimya. Nikasubiri. Kimya. "Kaeni," nikasema, wakakaa. Barazani wananipita wameinamisha vichwa. Mwalimu mwingine akitokea nyuma yangu ni shikamoo mwalimu mpaka ndege wanaruka, mimi nikipita ni upepo. Sikukasirika, hasira ningempelekea nani? Lakini nilikuwa silali vizuri, naamka nazunguka nyumba, nachemsha maji ambayo hakuna mtu anayekunywa. Mwalimu mkuu akaniita, akasema naweza kuwaamuru. Nikamwambia mzee amesema bila fimbo. Akatoka nje ya ofisi, nikamsikia anacheka huko nyuma peke yake.

Jioni moja Milembe akanipitia shuleni, kitambaa begani, hakusimama karibu. "Ulikuwa unacheka au unalia siku ile?" nikamwuliza, maana nilikuwa nimeshindwa kula kwa ajili ya hilo swali.

"Vyote," akasema. "Ila sasa silii wala sicheki. Baba anaulizwa na yule mwingine kila wiki." Akaanza kuondoka, akageuka. "Hawajakukasirikia, mwalimu. Hawajui tu glasi yako ina nini."

Kesho yake mstarini nikajaza glasi mtungini kama kawaida. Sikuuliza hiki ni nini. Sikunywa. Nikashuka barazani nikampelekea Kabula ikiwa imejaa, nikamwambia, "Onja kwanza wewe, halafu mimi." Akaonja, akaitikia kwa kichwa, akanirudishia, nikanywa. Hakuniamkia. Kijana mmoja wa darasa la sita akapaza sauti kutoka nyuma, "Kabula ni shemeji yake, anaweza kumficha. Na mimi nionje." Nikampa. Mwingine akasema na yeye. Siku iliyofuata wakaanza kunivizia, saa ya mapumziko, saa ya kwenda nyumbani, nikishika kikombe tu wananizunguka kama nzi wa yule bwana wa soda ya machungwa, kila mmoja anataka awe yeye atakayenikamata, na nikisema yametoka mtungini wanakwenda kuonja na mtungi wenyewe. Kabla ya saa nne mtungi mtupu. Nikaongeza mtungi wa pili, nao ukaonjwa mpaka chini. Nikawa napata usingizi kwa uchovu wa kuchota na kuchemsha.

Mwisho wake ulikuwa sokoni. Wachimbaji walikuwa wamepata, wananunulia watu soda, mmoja akanisokomezea mkononi chupa ya baridi iliyokwisha kufunguliwa, nyeupe, ya ndimu, Mungu anajua kuchagua. Nilikuwa na kiu mpaka ulimi unanata. Nikainua macho, Milembe kwenye cherehani yake kasimamisha mguu, na pembeni yake Kabula na watoto wengine na karanga zao. Nikamrudishia mchimbaji chupa yake, nikamshukuru, nikamwomba mama ntilie maji ya kunywa. Mchimbaji akacheka mpaka akaegemea meza. "Mwalimu, duara lako limegoma kutoa?" (Duara ni shimo lao la dhahabu.) Nikamwambia limegoma kitambo. Watu wakacheka. Nikanywa yale maji nimesimama katikati ya soko, mtu mzima, huku nachekwa, na goti langu kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe halikuruka.

Kabula akaja. Akachukua kikombe mkononi mwangu, akakigeuza kinywani akanywa yaliyobaki chini, akatulia akisikiliza pua yake.

"Ni maji," akawaambia wenzake. Akakunja magoti. "Shikamoo, mwalimu."

Na wale wengine wote nyuma yake, shikamoo, shikamoo, wachimbaji wakageuka kuangalia nani kaingia sokoni. Nikaitikia marahaba kwa sauti iliyopasuka, nikaacha kikombe, nikaacha na baiskeli yangu, nikakimbia kwa miguu mpaka kwa Mzee Mayunga, nikafika nahema siwezi hata kusema mwadila. Mzee alishasikia, sijui kwa njia gani. Akaniweka kwenye kiti kilekile, akaleta glasi ya maji, akainywa yeye mwenyewe nusu, akanipa. "Nimeonja," akasema. "Kunywa, halafu tuongelee ng'ombe."

Basi, ndiyo hiyo. Mnaona hapa kwangu wageni wote wanaulizwa wanatumia soda gani, mimi siulizwi. Na ile nyeupe ya ndimu nimeapa haitaingia kwenye mdomo huu mpaka nafukiwa, ila kiapo hicho nimekiapa kimyakimya, peke yangu, maana viapo vya mstarini nimeshavikoma. Kabula sasa ni mtu mzima ana watoto wake, lakini akija hapa na nikaletewa glasi mbele yake, ngojeni mtaona leo, ataichukua kwanza, ataonja, ataangalia dari kidogo akisikiliza pua, na ndipo ataniamkia.